Uso wa Mtoto na Macho ya Daktari

Kabla ya 1838: uso kama bishara

Katika mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Ninawi, kwenye maktaba ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru wa karne ya 7 kabla ya Kristo, umo mfululizo uitwao Šumma izbu. Unaorodhesha namna nyingi ambazo mtoto au mnyama angeweza kuzaliwa akiwa tofauti na wenzake: sikio dogo, pua isiyokuwepo, mdomo uliopasuka. Kila umbo limepewa bishara yake, kuhusu mavuno, vita au hatima ya mfalme. Walioandika mabamba hayo walitazama kwa makini kuliko matabibu wengi waliokuja baada yao, ila walitazama wakitafuta habari za ufalme. Mtoto mwenyewe ana nini, hakuna aliyeuliza.

Huku kwetu nako mambo hayakuwa mbali na hayo. Mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa ana mkosi, na zipo jamii ambako mtoto huyo hakuachwa aishi. Ulaya ya karne ya 16, tabibu mpasuaji Ambroise Paré aliandika kitabu kizima kuhusu viumbe wa ajabu, na miongoni mwa sababu alizozitaja zimo ghadhabu ya Mungu na yale aliyoyawaza mama akiwa mjamzito. Lawama ilimwangukia mama, na hadi leo katika kata nyingi bado inamwangukia yeye.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Wafaransa wawili, Étienne Geoffroy Saint-Hilaire na mwanawe Isidore, waliligeuza swali. Baba alivuruga mayai ya kuku kwa makusudi ili aone vifaranga vitatokaje, na mwana akaipa elimu hiyo jina la teratolojia. Hoja yao ilikuwa kwamba kiumbe aliyezaliwa tofauti alifuata njia ile ile ya kukua tumboni, ila mahali fulani kukua huko kulikwama au kulipinda. Tangu hapo iliwezekana kuuliza: kulipinda wapi, na lini?

1858–1868: Earlswood

Mwaka 1858 daktari kijana aliyezaliwa Cornwall, John Langdon Down, akiwa hajafikisha miaka 30, alikabidhiwa nyumba ya Earlswood katika jimbo la Surrey, kusini mwa London. Ilikuwa makao ya watu wenye ulemavu wa akili, na wakati huo sifa yake ilikuwa mbaya. Down alipiga marufuku adhabu za viboko, akataka wakaazi wafundishwe kazi za mikono na kula mezani kwa kisu na uma. Alifanya pia jambo ambalo madaktari wachache walikuwa wamelifanya: alijifunza kupiga picha, sanaa iliyokuwa changa, akawapiga wakaazi wake zaidi ya picha 200. Wamevaa nguo nadhifu, wameketi kama watu wa heshima wanaopigwa picha ya familia.

Kwa kuziweka picha hizo pamoja na vipimo vya vichwa alivyovichukua, aliona kitu. Walikuwepo watoto ambao hawakuwa ndugu, walitoka miji tofauti, na bado walifanana wao kwa wao kuliko walivyofanana na kaka na dada zao. Uso bapa na mpana, pua ndogo, macho yaliyoinuka kwa nje, ulimi uliojaa mdomo. Wafaransa Esquirol, mwaka 1838, na Séguin baada yake walikuwa wamegusia watoto wa namna hiyo, lakini hakuna aliyekuwa amewatenga waziwazi kama kundi. Down aliwatenga. Aliandika pia kwamba wanapenda kuigiza, wana ucheshi, damu yao huzunguka kwa unyonge, na wakifundishwa huendelea. Sehemu kubwa ya maelezo hayo inasimama hadi leo.

Kosa lilikuwa katika maana aliyoyapa. Makala yake ya 1866 ilikuwa jaribio la kuwapanga wakaazi wa Earlswood kwa mbari. Alichukua makundi matano ya wanadamu yaliyotungwa na Johann Friedrich Blumenbach wa Göttingen, akadai kwamba miongoni mwa watoto wa Kizungu aliowatunza wamo wenye sura ya Kiethiopia, wenye sura ya Kimalei, na wale waliomshughulisha zaidi, wenye sura ya Kimongolia. Aliamini kwamba maradhi ya wazazi, hasa kifua kikuu, yalimrudisha mtoto nyuma hadi kwenye mbari aliyoiona kuwa ya chini. Ni fikra ya kibaguzi, wala haifai kupambwa. Hata hivyo, hitimisho lake lilikwenda upande ambao wengi hawautarajii. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimemalizika mwaka mmoja tu kabla, na wapo wasomi waliotetea utumwa kwa kusema kwamba mbari ni aina tofauti za viumbe. Down aliandika kinyume chao: ikiwa ugonjwa unaweza kuvuka mpaka wa mbari, basi mpaka huo si wa kweli, na wanadamu wote ni aina moja.

Hoja ilisahaulika, jina likabaki. Kwa karibu miaka 100 watoto hao waliitwa Wamongolia katika vitabu vya tiba na mitaani.

1868–1938: jina linavyofanya kazi yake

Down aliondoka Earlswood mwaka 1868, akaanzisha makao yake mwenyewe, Normansfield, magharibi mwa London. Alipofariki mwaka 1896 aliacha wanawe Reginald na Percival, madaktari wote wawili, wakiendesha makao hayo. Mwaka 1905 Reginald alipata mtoto wa kiume mwenye hali ile ile aliyoielezea babu yake. Mwaka uliofuata alisema hadharani kwamba mfanano na watu wa Mongolia ni wa juujuu tu. Ni yeye pia aliyeonyesha mstari mmoja unaokatiza kiganja cha wengi wa watoto hao, mahali ambapo wengine tuna miwili.

Onyo la Reginald halikutosha. Mwaka 1924 daktari wa London, F. G. Crookshank, alichapisha kitabu kilichodai kwamba watoto hao ni ushahidi wa asili ya Kiasia iliyojificha ndani ya Wazungu. Kitabu kilinunuliwa sana. Hapo naona hatari ya kazi yote hii ilivyo: mtazamaji anaona alama iliyopo kweli, kisha anaijaza maana aliyokuja nayo kutoka nyumbani kwake.

Aliyelivunja jengo hilo ni daktari Mwingereza, Lionel Penrose, aliyefanya kazi Colchester tangu 1931. Alizihesabu familia moja moja. Mwaka 1933 alionyesha kwamba kinachoendana na hali hiyo ni umri wa mama, na kwamba umri wa baba na idadi ya watoto waliotangulia havina uzito vyenyewe. Mwaka mmoja kabla, daktari wa macho wa Uholanzi, Petrus Waardenburg, alikuwa amedokeza kwamba huenda chanzo ni kromosomu. Hapakuwa na namna ya kuthibitisha. Idadi halisi ya kromosomu za binadamu, 46, ilijulikana mwaka 1956 tu, Lund nchini Sweden, kwa kazi ya Joe Hin Tjio na Albert Levan.

1955: Mulago

Wakati huo huo kulikuwa na imani kwamba Waafrika hawazai watoto wa aina hiyo, au huwazaa kwa nadra sana. Mwaka 1955 Joe Luder na Latimer Musoke, madaktari wa watoto wa hospitali ya Mulago, Kampala, walichapisha katika jarida la tiba ya watoto la Uingereza maelezo ya watoto wa Kiafrika wenye hali hiyo. Musoke, Mganda, baadaye alikuwa profesa wa tiba ya watoto Makerere.

Makala yao ni fupi, nami naihesabu kuwa moja ya kurasa muhimu za historia hii. Kwa nini watoto hao hawakuwa wameonekana? Wengi walifariki mapema, kwa nimonia au kwa moyo, kabla ya daktari yeyote kuwafikia. Lakini pia alama zenyewe zilikuwa zimeandikwa kwa kulinganisha na uso wa Mwingereza. Mwamba wa pua uliolala humshangaza daktari wa London. Kwa mtoto mchanga wa Kampala ni pua ya kawaida, aliyoirithi kwa bibi yake. Kunjo la ngozi kwenye pembe ya ndani ya jicho nalo huonekana kwa watoto wengi wenye afya katika Afrika. Daktari aliyetegemea orodha ya Ulaya alimpita mtoto bila kumtambua. Nigeria, miaka mingi baadaye, utafiti wa Adeyokunnu wa Ibadan uliochapishwa mwaka 1982 ulipata mtoto mmoja kati ya kila 865 waliozaliwa hai, kiwango kisicho mbali na cha Ulaya. Watoto walikuwepo muda wote.

1959–1965: kromosomu ya 47

Katika hospitali ya Trousseau, Paris, profesa Raymond Turpin alitaka kuhesabu kromosomu za watoto hao. Aliyejua kukuza seli alikuwa daktari mwanamke, Marthe Gautier, aliyejifunza ufundi huo Boston. Alipewa chumba na vifaa duni. Alitumia damu yake mwenyewe kupata majimaji ya kulishia seli, na mwaka 1958 akaona kwa hadubini kile alichokuwa anakitafuta: kromosomu 47, moja zaidi. Hadubini yake haikuwa na kamera. Mwenzake Jérôme Lejeune alivichukua vioo ili vipigwe picha. Taarifa ilipotoka Januari 1959, jina la kwanza lilikuwa la Lejeune, la Gautier likafuata, tena limekosewa herufi. Mwaka 2014 kamati ya maadili ya Inserm, taasisi ya utafiti wa tiba ya Ufaransa, ilikiri kwamba mchango wake ndio uliowezesha ugunduzi. Alikuwa na umri wa miaka 89.

Ugunduzi huo ulilikata tawi ambalo jina la zamani lilikuwa limekalia. Sura ile ilitokana na kromosomu ya ziada, wala haikuhusiana na mbari yoyote. Mwaka 1961 wanasayansi 19, wakiwamo Penrose, Lejeune na mmoja wa ukoo wa Langdon Down, waliandika barua katika jarida la The Lancet wakitaka neno Wamongolia liachwe. Mwaka 1965 ujumbe wa Mongolia ulipeleka ombi hilo hilo kwa Shirika la Afya Duniani, na shirika likaacha kulitumia. Ikabaki sindromu ya Down.

1960–1973: mavuno ya macho

Miaka iliyofuata sindromu mpya, yaani mikusanyiko ya alama zinazokuja pamoja, zilielezwa kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Mwaka 1960 Patau na Edwards walieleza kromosomu ya ziada ya 13 na ya 18. Mwaka 1961 J. C. P. Williams wa New Zealand aliona kwamba watoto kadhaa wenye mshipa mkuu wa moyo uliobanwa walikuwa na midomo mipana, mashavu yaliyojaa na urafiki na kila mtu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Jacqueline Noonan, daktari wa moyo wa watoto aliyekuwa Iowa, Marekani. Alitibu watoto ambao vali ya kuelekea mapafuni ilikuwa imebana, na aligundua kwamba baadhi yao wangeweza kudhaniwa kuwa ndugu: macho yaliyoachana yenye kope zilizolegea, masikio yaliyokaa chini, shingo fupi yenye ngozi ya ziada, kimo kidogo. Aliandika kuhusu tisa kati yao mwaka 1963. Kromosomu zao zilipohesabiwa zilikuwa za kawaida, kwa hiyo maabara haikuwa na la kumwambia. Alisimama juu ya alichokiona. Mwaka 2001 jeni ya kwanza ya sindromu ya Noonan, PTPN11, ilipatikana, na ikawa inahusika kweli na moyo, kimo na sura kwa pamoja. Miaka 38 macho yake yalikuwa yametangulia.

Harry Angelman wa Warrington, Uingereza, alikuwa na wagonjwa watatu wenye mwendo wa kukakamaa, kicheko cha mara kwa mara na ukosefu wa maneno, asijue kama aandike. Akiwa Verona, Italia, aliona mchoro wa Giovanni Francesco Caroto wa mvulana anayecheka akiwa ameshika picha ya kibonzo. Uso huo ulimkumbusha wagonjwa wake, akaandika mwaka 1965, akawaita watoto hao vikaragosi. Wazazi waliumizwa na jina hilo, na mwaka 1982 likabadilishwa.

Aliyeipa kazi hii mfumo ni David Smith, daktari wa watoto wa Marekani. Mwaka 1966 aliita elimu hiyo dismofolojia, na mwaka 1970 akatoa kitabu kikubwa cha picha na maelezo ambacho madaktari wa dunia nzima bado wanakifungua katika matoleo mapya. Alisisitiza kwamba alama moja haitoshi. Pembe ya jicho iliyoinuka peke yake si kitu. Alama tatu au nne zinazojirudia pamoja, kwa watoto wasio na undugu, ndizo zinazoleta habari.

Kwa nini iwe uso, na si goti au kiwiko? Kati ya wiki ya 4 na ya 8 baada ya mimba kutungwa, vinundu vitano vya nyama hukua kuelekeana na kuungana kuwa paji, pua, mashavu, midomo na taya. Seli nyingi zinazovijenga hutoka kwenye ukingo wa bomba litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo. Wilhelm His aliziona kwa kifaranga mwaka 1868. Seli hizo husafiri. Nyingine huenda usoni, nyingine hushuka kuugawa mshipa mkuu unaotoka moyoni, nyingine husaidia kuunda tezi za shingoni na kifuani. Kitu kikizidhuru safarini, alama hubaki usoni, na madhara hubaki moyoni na kwenye tezi. Ndiyo maana daktari anayeona uso fulani huagiza moyo upimwe, au kalsiamu ya damu, kabla mtoto hajaonyesha kuumwa.

Mwaka 1973 jambo hilo lilidhihirika Seattle. Smith na mwanafunzi wake Kenneth Lyons Jones waliwachunguza watoto wanane ambao mama zao walikuwa walevi wa kupindukia. Wanne walifanana: macho mafupi kutoka pembe hadi pembe, mdomo wa juu mwembamba, na ule mfereji ulio kati ya pua na mdomo umesawazika kabisa. Paul Lemoine wa Nantes alikuwa ameandika kuhusu watoto 127 wa aina hiyo mwaka 1968, kwa Kifaransa, na karibu hakuna aliyemsikiliza. Kwa mara hii uso ulitoa ushahidi wa kitu kinachoweza kuzuilika. Afrika inahusika sana hapa: katika mashamba ya mizabibu ya Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo kwa vizazi vingi, na tafiti zilizofanywa huko zimepata viwango vya madhara haya ambavyo ni miongoni mwa vya juu kabisa duniani.

1980–2019: mashine, na macho iliyoazima

Sindromu zilipofika mamia, kumbukumbu ya mtu mmoja ilielemewa. Miaka ya 1980 Robin Winter na Michael Baraitser walianza kuziweka kwenye kompyuta London. Melbourne nako kulitengenezwa mkusanyiko wake wenye picha. Miaka ya 2010 zikaja programu zinazosoma picha ya uso moja kwa moja. Mwaka 2019 waundaji wa mojawapo, iliyofunzwa kwa picha zaidi ya 17,000, walitangaza kwamba katika majaribio jibu sahihi lilikuwa miongoni mwa mapendekezo yake kumi ya kwanza mara 91 kati ya 100.

Lakini mashine hufunzwa kwa picha zilizopo, na picha zilizopo nyingi zilikuwa za watoto wa Ulaya na Marekani. Aimé Lumaka wa Kinshasa, pamoja na wenzake wa Kongo na Ubelgiji, waliipima programu hiyo kwa sindromu ya Down, ile tuliyoanza nayo. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Watoto wa Ubelgiji ilitambua asilimia 80. Watoto wa Kongo, asilimia 36.8. Kisha wakailisha picha za watoto wa Kiafrika, na utambuzi ukapanda hadi asilimia 94.7. Alama hazikuwa zimebadilika. Kilichoongezwa ni nyuso za kujifunzia. Nionavyo, Musoke na Luder wangeyaelewa matokeo hayo bila kufafanuliwa.

Wakati huo huo Paul Kruszka na Maximilian Muenke, katika taasisi ya taifa ya utafiti wa jeni za binadamu ya Marekani, walikuwa wakikusanya atlasi ya sindromu kutoka mataifa mengi. Katika makala ya sindromu ya Down walishiriki Annette Uwineza na Leon Mutesa wa Rwanda pamoja na madaktari wa Nigeria. Waligundua kwamba baadhi ya alama zilizozoeleka vitabuni huonekana kwa uchache zaidi kwa Waafrika. Kwa hiyo mkunga au daktari anayezisubiri zote kama zilivyoorodheshwa atachelewa.

Siku hizi jeni zote za mtu zinaweza kusomwa, na wapo waliodhani kwamba macho yatastaafu. Haikuwa hivyo. Usomaji wa jeni huleta mabadiliko mengi ambayo maana yake haijulikani, na mara nyingi ni sura ya mtoto inayoamua lipi lina uzito. Katika hospitali zetu nyingi za wilaya hali ni nyingine: kipimo cha kromosomu hakipo, au sampuli hupelekwa mbali na majibu huchukua wiki kadhaa. Hapo daktari mzuri huanza kwa kumtazama mama, na baba kama yupo, ili ajue ni pua ya ukoo au ni kitu kingine. Kisha hukunjua kiganja, hunyanyua mtoto aone kama amelegea, na husikiliza moyo.

Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na mara nyingi haisikiki siku ya kwanza. Kipimo cha mawimbi ya sauti huiona. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hufanya upasuaji wa moyo kwa watoto. Tundu kubwa katikati ya moyo hufungwa vizuri zaidi ndani ya mwaka wa kwanza; likiachwa, shinikizo la damu hukaza mishipa ya mapafu mwezi baada ya mwezi, mpaka hufika wakati ambapo hakuna mpasuaji anayeweza tena kulifunga.